Mjane Sio Mgeni Nyumbani Kwake

Makamanda, arobaini haijafika, mashemeji wameshachukua funguo za duka. Mnaijua hii stori. Tunasema ukoo una roho mbaya, kumbe sheria iko upande wao!

Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963 ndilo limeandika mila zetu za urithi. Linasema mjane hana fungu kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Atatunzwa na watoto wake. Na asiye na watoto je? Nililisoma mara mbili nikidhani nimekosea ukurasa. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake iliiambia Tanzania ibadilishe. Wapi!

Wakati tunalibana Bunge, ongeeni na wazee: wosia uandikwe, mashahidi wawepo, utunzwe RITA. Na yule anayependekezwa na kikao cha ukoo kuwa msimamizi wa mirathi hapewi mali iwe yake. Anakusanya, analipa madeni, anagawa, kisha anapeleka hesabu mahakamani. Mama akiona anazungukwa, aweke pingamizi mapema, kabla mahakama haijamteua mtu huyo.