Seva ya simu nayo yataka kukalafatiwa



Wengi wetu tukisikia neno udukuzi mawazo huenda kwenye pesa: namba ya siri ya M-Pesa, akaunti ya benki, ukurasa wa Facebook uliotekwa. Leo nataka tuzungumzie uhalifu usioiba senti wala kusoma ujumbe wa mtu. Kazi yake ni moja tu: kuifanya simu isilie.

Ukiingia hospitali, hoteli, shule au ofisi ya uwakala wa meli hapa Mombasa, simu iliyo pale mapokezi mara nyingi haipiti tena kwenye nyaya za zamani za Posta na Simu. Imechomekwa kwenye waya ule ule wa intaneti unaotumiwa na kompyuta. Sauti yako hukatwa vipande vidogo vidogo, vikasafirishwa mtandaoni, kisha vikaunganishwa upande wa pili. Anayeongoza safari hiyo ni seva, yaani kompyuta yenye programu ya kupokea na kugawa simu, pengine imewekwa kwenye kijichumba nyuma ya ngazi. Huyo ndiye opereta wa zama hizi.

Programu mashuhuri ya kazi hiyo ni Asterisk. Ilianzishwa mwaka 1999 na Mark Spencer, kijana wa Alabama, Marekani, aliyehitaji swichibodi kwa kampuni yake changa na hakuwa na pesa za kuinunua. Mwaka huo huo hapa kwetu shirika la Posta na Simu liligawanywa, Telkom Kenya ikazaliwa. Asterisk hutolewa bure, na kila mtu ana ruhusa ya kuisoma na kuibadilisha. Ndiyo maana ofisi ndogo leo ina mtambo ambao zamani ulikuwa wa mabenki na mahoteli makubwa. Hilo ni jambo la kheri. Lakini kitu cha bure hakikosi gharama, na gharama ya hiki ni matunzo.

Kuna njia tatu za kuinyamazisha seva ya simu, na ni muhimu tuzitenganishe kwa sababu kila moja ina kinga yake.

Ya kwanza ni kasoro ndani ya programu yenyewe. Mfano ni ule wa Februari 2018. Simu ya ofisini ikitaka kuarifiwa hali ya simu nyingine, hutuma ombi kwa seva na kutaja aina za majibu inazoelewa. Asterisk ilikuwa imetenga nafasi 32 za kuandika aina hizo, lakini haikuwa ikihesabu zinazoletwa. Ombi likija na zaidi ya 32, programu iliandika nje ya nafasi yake na kuanguka papo hapo. Mfikirie karani mwenye daftari la mistari 32: mistari ikimwishia, anaendelea kuandika juu ya meza, juu ya risiti za watu, mpaka hesabu yote inavurugika. Ujumbe mmoja, seva chini, simu zote za jengo kimya. Watengenezaji walitoa tangazo na dawa yake kwa pamoja. Swali lililobaki ni nani aliyeinywa hiyo dawa.

Njia ya pili haihitaji kasoro yoyote. Seva hukaa ikisikiliza mlango wake, kwa kawaida namba 5060, na kila anayebisha lazima imjibu: wewe ni nani, una ruhusa? Wakibisha elfu kwa sekunde, hata wote wakikataliwa, seva inachoka kwa kukataa tu. Mteja wa kweli anakuta foleni haisogei.

Ya tatu ni mafuriko. Hapa seva ni nzima, lakini bomba la intaneti linaloifikia limejazwa takataka kutoka kwa maelfu ya vifaa vilivyotekwa sehemu mbalimbali za dunia. Septemba 2021 kampuni ya simu za intaneti ya VoIP.ms ya Canada ilishambuliwa hivyo kwa siku nyingi. Washambuliaji walidai bitcoin 1, kisha wakapandisha mpaka 100, zaidi ya dola milioni 4 kwa wakati ule. Mwezi huo huo Bandwidth ya Marekani nayo ilipigwa, na baadaye ikakadiria hasara ya mapato ya dola milioni 9 hadi 12 kwa mwaka huo. Kampuni za aina hiyo zilishambuliwa Uingereza pia. Kwa hivyo anayesema tuhamishie kila kitu kwa kampuni kubwa ya ng'ambo na tulale, hajatuambia yote.

Nasi hapa tumeshaonja. Julai 2023 kundi lililojiita Anonymous Sudan liliizamisha eCitizen kwa mafuriko kama hayo. Abiria wa treni ya Mombasa na Nairobi walipata taabu kukata tiketi, na serikali ikalazimika kuahidi viza kwa wageni wakishafika. Hao hao, kwa mujibu wa mashtaka yaliyofunguliwa Marekani mwaka 2024, waliishambulia hospitali ya Cedars-Sinai ya Los Angeles, na kwa saa kama nane wagonjwa wa dharura wakaelekezwa kwingine.

Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Nina diploma ya teknolojia ya mawasiliano na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifunga mitambo hii. Kuna zahanati moja hapa Pwani, sitaitaja, ambayo seva yake ilianguka asubuhi moja na ikabaki chini mpaka baada ya adhuhuri. Programu yake haikuwa imeguswa tangu siku ilipofungwa. Fundi aliyeifunga alikuwa amehama, na nenosiri alikwenda nalo. Namba iliyoandikwa kwenye gari la wagonjwa ilikuwa hiyo hiyo moja. Mama mjamzito aliyeko Mtongwe akipiga namba hiyo na ikawa kimya, hajui mambo ya seva. Anajua tu kuwa hakujibiwa.

Nikizungumza na wakubwa wa ofisi husikia hoja mbili. Ya kwanza: sisi wadogo, nani atatushughulikia? Lakini hakuna anayetuchagua. Programu za kupekua hupita anwani za intaneti moja baada ya nyingine, usiku na mchana, zikijaribu kila mlango. Hazijui kama nyuma yake kuna benki au madrasa.

Ya pili ni ya mafundi wenzangu: ikiwa inafanya kazi, usiiguse. Hii ina ukweli ndani yake, maana programu mpya yaweza kuvuruga simu zilizokuwa salama. Jawabu lake ni kuigusa kwa mpango: fanya nakala kwanza, fanya usiku wakati simu ni chache, na hakikisha unaweza kurudi ulikotoka.

Wazee wetu wa baharini hawakungoja maji yafike magotini ndipo watafute pamba na sifa. Jahazi lilipandishwa pwani kwa wakati wake, likakalafatiwa, kisha likarudi majini. Seva ni hivyo hivyo.

Kwa hivyo rai yangu ni hii. Kila taasisi imjue kwa jina mtu anayesimamia seva yake, na nenosiri liwe na zaidi ya mtu mmoja. Mtu huyo afuatilie matangazo ya usalama ya programu anayotumia. Mlango wa 5060 usiachwe wazi kwa dunia nzima; uruhusiwe kwa anwani zinazohusika tu, na kila anayebisha awekewe kiwango. Mtoa huduma wa intaneti aulizwe kabla ya kutia saini: mafuriko yakija, mtatusaidia vipi? Na penye uhai wa watu, pawe na laini ya akiba ya kawaida ya simu ya mkononi, isiyopita kwenye seva hiyo, na namba yake ibandikwe ukutani na kwenye gari.

Kwa serikali zetu za kaunti: tenda ya kununua mtambo bila fungu la kuutunza ni nusu ya tenda. Tunayo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, na Mamlaka ya Mawasiliano ina kitengo cha kupokea ripoti za mashambulizi. Lakini sheria humfuata mhalifu baada ya simu kukatika. Haimrudishii mgonjwa saa aliyoipoteza.

Kesho ukifika kazini, muulize mkubwa wako swali moja: seva yetu ya simu ilisasishwa lini mara ya mwisho? Akikosa jibu, jibu umelipata.