Timu Bila Kijiji Haina Soko

MTWARA: Wafanyabiashara wanaofikiria kudhamini mbio za ngalawa wana somo la kuchukua kutoka mbio za farasi. Mwaka 2021 Uingereza ilianzisha Racing League, timu 12 zikibeba majina ya wadhamini. Mwaka uliofuata zikawa timu 7 za kanda. Somo ni wazi: mcheza kamari huweka fedha yake kwa farasi, na jina la kampuni halimpi sababu ya kushangilia. Jina la kwao humpa.

Pwani ya Mtwara ina mtaji huo tayari. Ngalawa ina nahodha na mabaharia, na nyuma yao kuna kijiji kizima. Mtu wa Msimbati hafundishwi kuwashangilia wa Msimbati dhidi ya Mikindani.

Hatari iko kwenye zawadi. Ikimezwa yote na mwenye chombo, mabaharia watakuwa wamefanya kazi ya bure, na mwakani hawatarudi. Wavuvi wanajua mgawo: fungu la chombo, fungu la watu. Mdhamini auandike kabla tanga halijapandishwa, na aongeze fungu la kijiji. Bila hivyo, atakuwa amenunua tangazo la siku moja.