Takataka za Nzilo ni Zetu Wenyewe

Anayetaka kuliona ziwa la Nzilo lilivyo, aende Jumatatu asubuhi. Jumapili huoni kitu: muziki uko juu, magari yamejaa mpaka kwenye majani, moshi wa samaki wa kuchoma umetanda. Jumatatu wateja wamerudi Kolwezi na ufuko umebaki na walichoacha. Sashe za maji zimekanyagiwa mchangani, moja juu ya nyingine, hata ukichimba kwa kidole unakuta tabaka la wiki iliyopita na la kabla yake. Sahani za frigoliti zenye mabaki ya bukari zinaelea kwenye matete. Chupa za bia zimepasuliwa kwenye mawe yale yale ambayo watoto huyatumia kurukia majini. Kuna pampasi. Na nyuma ya vibanda, vichakani, pua inakuonyesha choo kiko wapi.

Nimeshalizungumza jambo hili na watu wengi mjini, wasomi na wasiosoma, na jibu ni lile lile, tena linatolewa kwa hasira: unahangaika na sashe wakati migodi inamwaga asidi?

Jibu hilo limetuharibu. Nalikataa, na silikatai kwa sababu nawapenda wenye migodi. Mto Musonoi umebebeshwa mabaki ya kiwanda cha kuchenjulia madini cha Kolwezi kwa miaka mingi kabla vijana wa leo hawajazaliwa, na maji yake yanaingia Lualaba. Majirani zetu wa Zambia waliona tarehe 18 Februari 2025 bwawa la mabaki ya mgodi karibu na Chambishi likipasuka na sumu ikiteremka hadi mto Kafue. Anayechafua mto kwa asidi ashtakiwe, alipe, na mgodi ufungwe ikibidi. Hilo nitaliandika tena na tena. Lakini ile pampasi haikuletwa na kampuni ya kobalti. Ililetwa na familia iliyovaa vizuri, ikala, ikacheka, ikapiga picha, ikainuka na kuondoka. Uovu wa tajiri umegeuzwa kuwa cheti cha kila mtu kutupa taka anapotaka, na wakuu wetu wamekipokea cheti hicho kwa furaha, maana kinawapumzisha na wao.

Tukumbuke hili ziwa ni nini kwetu. Sisi hatuna bahari. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, ilijenga bwawa kwenye korongo la Nzilo, ikaliita Delcommune kwa jina la Mbelgiji aliyepita Katanga enzi za mfalme Msiri, ili ipate umeme wa viwanda vyake. Mtu mweusi wa kuogelea Jumapili hakuwamo katika hesabu hizo. Maji yalipojaa, tukapata ziwa. Na angalia mji wetu ulivyo leo: upande huu shimo, upande ule shimo, katikati lori. Mtaani Kasulo watu walichimba chini ya sakafu za nyumba zao wenyewe. Mtoto wa mchimbaji anayekulia katika vumbi hilo anahitaji mahali ambapo macho yake yanakwenda mbali bila kugonga ukuta wa mgodi. Mahali hapo ni Nzilo. Ni karibu kitu pekee kikubwa kandokando ya Kolwezi ambacho bado hakijachimbwa, na sisi tumeamua kukijaza.

Asiyejali mtoto basi ajali taa yake. Bwawa la Nzilo bado linazalisha umeme wa SNEL, mitambo ya megawati 108, na mto wake, Lualaba ule ule, unateremka kwenda kuzungusha mitambo ya Nseke. Sasa tuwaulize ndugu zetu wa Bukavu. Kule, chupa na sashe zinazotupwa kwenye mifereji hushuka na mvua hadi ziwa Kivu, kisha hujikusanya mdomoni mwa Ruzizi, mbele ya kituo cha umeme. Wafanyakazi hushinda wakivua plastiki kama watu wanavyovua sambaza, na bado mitambo imewahi kusimama na mitaa ikakaa gizani kwa sababu ya uchafu wa mitaa hiyo hiyo. Nzilo haijafika huko. Nasi tunasubiri ifike ndipo tuunde kamati?

Tuingie kwenye pesa, maana hapo ndipo hasira yangu inapozidi.

Kwenda plaji siku hizi si bure. Mahali fulani nililipa mlangoni, nikalipa gari, nikalipa meza na kivuli. Nilipomaliza kula nikamwuliza kijana wa pale pubeli iko wapi. Akanionyesha kichaka kwa kidevu. Simlaumu kijana, hajawahi kupewa hata gunia. Namlaumu mwenye mahali, anayechukua pesa ya kila kichwa kinachoingia halafu anaona kuzoa taka ni kazi ya upepo. Nawalaumu pia wanaompa kibali na kurudi kila mwaka kukusanya ushuru bila kuuliza swali moja: choo kiko wapi, shimo la taka liko wapi, nani anazoa na anapeleka wapi?

Na asituambie mtu kwamba hakuna fedha. Kodeksi ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 imeandika wazi: katika mrabaha wa madini, asilimia 50 inakwenda serikali kuu, 25 jimboni, 15 kwa miji, komuni, sekta na himaya za machifu ambako madini yanatoka, na 10 kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Hapo hatujagusa ile asilimia 0.3 ya mauzo ambayo kila kampuni inapaswa kutenga kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi. Kongo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa inatoka hapa jimboni Lualaba. Jimbo lenye utajiri wa namna hiyo halina lori moja la kupita ufukweni kila Jumatatu? Halina mapipa kumi? Mama mwenye meza ya samaki analipa ushuru wake wa kila siku na anapewa jetoni. Anastahili kuiona pesa yake ikirudi, walau katika umbo la choo chenye mlango.

Kuna na sheria, tena ya zamani. Amri ya tarehe 30 Desemba 2017 ilipiga marufuku kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sashe za plastiki nchini mwetu. Kenya walianza mwaka huo huo wa 2017, Tanzania 2019, Rwanda tangu 2008. Ukivuka mpaka pale Goma kuingia Rwanda na mfuko wa plastiki mkononi unanyang'anywa. Kwetu amri imebaki Kinshasa kwenye Gazeti Rasmi. Lakini wasije sasa wakaamka na kuwakimbiza wamama wenye mabeseni ya maji kichwani! Mama yule anauza maji ya sashe kwa sababu bomba la Regideso halitoi maji mahali watu walipo. Mkamateni mwenye mashine ya kufungasha, ana jina, ana anwani, ana kibali ukutani. Na leteni bomba.

Wengine watanijibu kwamba tuna salongo, usafi wa pamoja. Tunayo, na nimeshika jembe humo. Jumamosi tunafagia, tunakusanya lundo, wakuu wanapigwa picha na ufagio, lundo linabaki palepale. Mvua ya Novemba ikija inalirudisha ziwani lote, hadi kijiko cha mwisho. Kufagia bila lori la kubeba ni kuhamisha uchafu mita tano.

Wazee nao wana wimbo wao: enzi za Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kambi zilikuwa safi, mkaguzi alipita nyumba kwa nyumba. Najua, na walikuwa na haki ya kujivunia. Lakini mwaka 2003 Gécamines iliwaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpigo, na Gécamines ile iliyotulea kama mzazi haikurudi. Waliozaliwa mwaka huo sasa ndio wanaokwenda Nzilo na wachumba wao. Wao hawajawahi kuona mkaguzi, na hakuna aliyekaa chini kuwafundisha kwamba chupa uliyoibeba imejaa unaweza kuirudisha tupu. Ibara ya 53 ya Katiba inatupa haki ya mazingira safi, na sentensi inayofuata inatupa wajibu wa kuyatetea. Tunapenda kuikariri ile ya kwanza.

Ninachodai hakihitaji mtaalamu kutoka Ulaya wala semina katika hoteli. Kabla ya sikukuu za Noeli, wakati nusu ya mji inahamia ziwani, kila mwenye eneo la starehe Nzilo awe na vyoo, mapipa na mkataba wa kubebewa taka, au kibali chake kifutwe mbele ya watu. Chupa za bia zilipiwe amana kubwa pale pale kaunta, uone kama kuna itakayopasuliwa jiweni. Komuni na sekta zibandike mlangoni karatasi moja inayosema ushuru wa ufuko ulikuwa kiasi gani mwezi uliopita na umefanya nini. Na wewe unayepakia gari Jumapili hii, weka gunia tupu chini ya kiti. Ukiona jirani wa meza ya pili anainuka na kuacha pampasi mchangani, mwite. Mwite kwa heshima, baba au mama, lakini mwite kwa sauti, watu wote wasikie.