Je, pikipiki za umeme zitaweza kuzing'oa za petroli barabarani?

KILA tarehe 14 ya mwezi, maelfu ya wahudumu wa bodaboda nchini husubiri tangazo la Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) kama mkulima asubirivyo mvua. Shilingi chache zikiongezwa kwenye lita ya petroli, mlo wa jioni nyumbani hupungua. Zikiondolewa, mhudumu hupumua hadi mwezi unaofuata.

Wahudumu hao ndio wanaolengwa na kampuni zinazouza pikipiki za umeme. Ahadi yao ni nyepesi kueleweka: achana na kituo cha mafuta, tumia betri, na pesa ulizokuwa ukimwaga kwenye tangi zibaki mfukoni mwako.

Serikali nayo imeunga mkono wito huo. Mnamo Septemba 1, 2023, Rais William Ruto alizindua rasmi mjini Mombasa mpango wa kitaifa wa kuhamia pikipiki za umeme. Jijini Nairobi, kampuni ya Roam ilikuwa imefungua kiwanda cha kuziunganisha mwaka huo huo. Kampuni kama Ampersand iliyoanzia Rwanda, Spiro iliyoanzia Afrika Magharibi, na ARC Ride ya Nairobi zimekuwa ziking'ang'ania soko hilo hilo.

Hata hivyo, miaka kadhaa baada ya mbwembwe hizo, mlio unaotawala kwenye steji za bodaboda kutoka Busia hadi Likoni ungali ule wa injini za petroli. Wahudumu wengi wanashikilia ushauri wa wahenga kwamba usiache mbachao kwa msala upitao.

Je, woga huo una msingi, au ni ukaidi tu wa watu waliozoea?

Jibu linaanzia kwenye hesabu. Chukua mhudumu wa mjini anayesafiri kilomita 120 kwa siku. Pikipiki ndogo ya petroli iliyobeba abiria na kukwama mara kwa mara kwenye msongamano humaliza lita moja kwa kilomita 35 hadi 40. Mhudumu huyo basi atahitaji lita tatu au zaidi kidogo kila siku. Kwa bei ya Oktoba 2025 jijini Nairobi, ambayo ilikuwa Sh184.52 kwa lita, hiyo ni zaidi ya Sh550 kabla hajanunua hata kikombe cha chai.

Pikipiki ya umeme husafiri umbali huo huo kwa uniti nne hadi tano za umeme. Mnamo Aprili 2023, EPRA iliweka bei maalum kwa vyombo vya umeme: Sh16 kwa uniti wakati wa matumizi makubwa, na Sh8 usiku wakati wa matumizi madogo, kabla ya tozo nyingine kuongezwa. Hata tozo hizo zikijumlishwa, gharama ya umeme wenyewe haifikii robo ya ile ya petroli.

Isitoshe, pikipiki ya umeme haina oili ya injini ya kubadilishwa, haina plagi wala kabureta ya kusafishwa. Vipande vinavyosagika ni vichache, na siku za kulala kwa fundi hupungua.

Mgala muue na haki yake mpe: kwa upande wa kawi, mota ya umeme imeshinda.

Kenya pia ina sababu ya ziada ya kuikumbatia teknolojia hii kuliko mataifa mengi. Karibu asilimia 90 ya umeme wake hutokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria, mabwawa, upepo na jua. Mvuke huo hauzimwi kama taa wananchi wanapolala. Usiku mwingine hupotea hewani kwa kukosa mtumiaji. Betri za pikipiki zikichajiwa saa hizo, nchi itakuwa ikitumia kawi ambayo tayari imeigharamia, badala ya kutafuta dola za kununua petroli ng'ambo.

Lakini ushindi kwenye karatasi si ushindi barabarani. Tatizo la kwanza ni kwamba mhudumu wa kawaida hanunui umeme. Ananunua huduma ya betri.

Betri ndiyo sehemu ghali zaidi ya pikipiki ya umeme. Ili kuifanya pikipiki yenyewe iwe ya bei inayokaribiana na ile ya petroli, kampuni nyingi huiuza bila betri. Mhudumu hufika kwenye kituo, huiacha betri iliyoisha, huchukua iliyojaa na kulipa ada. Ada hiyo hugharamia umeme, betri yenyewe, kituo, wafanyakazi na faida ya kampuni. Ndiyo maana huwa mara kadhaa zaidi ya thamani ya umeme uliomo.

Mhudumu bado hubaki na akiba, ila si ile kubwa inayotajwa kwenye matangazo. Aidha, akiba hiyo hupanda na kushuka pamoja na petroli. Mnamo Oktoba 2023, petroli ilipofika Sh217.36 kwa lita jijini Nairobi, umeme ulionekana kama mkombozi. Bei iliposhuka baadaye, mvuto huo nao ulipungua.

Tatizo la pili ni umiliki, na hapa ndipo penye uzito zaidi. Mhudumu aliyechukua pikipiki ya petroli kwa mkopo huteseka mwaka mmoja au miwili akilipa kila siku. Siku anapomaliza, pikipiki ni yake. Anaweza kuipeleka kwao mashambani, kumkodisha jirani, kuiuza, au kuiweka kama dhamana katika chama cha akiba na mikopo. Mafuta atayapata popote, hata ya kupimwa kwenye chupa kando ya barabara.

Mwenzake wa pikipiki ya umeme anaweza kumaliza deni na bado awe mteja wa lazima. Betri si yake. Mara nyingi betri ya kampuni moja haiingii kwenye pikipiki ya kampuni nyingine, wala kituo cha hii hakimhudumii mteja wa ile. Kampuni ikipandisha ada, hana pa kukimbilia. Ikifunga vituo vya mtaani kwake, pikipiki hubaki chuma cha kuegemeza ukutani. Na kwa kuwa betri za kisasa huweza kufuatiliwa na hata kufungwa kutoka mbali, mwenye betri huwa na usemi juu ya riziki ya mwenye pikipiki.

Yaani mhudumu huepuka bei za EPRA, ambazo angalau hutangazwa hadharani na hudhibitiwa kisheria, kisha huingia kwenye bei zinazopangwa na kampuni moja.

Tatizo la tatu ni umbali na mzigo. Betri moja humfikisha mhudumu kilomita 70 hadi 90 hivi, kutegemea uzito, milima na mwendo. Jijini Nairobi au Mombasa, ambako vituo viko karibu, hilo si kikwazo kikubwa. Lakini bodaboda si chombo cha mjini pekee. Ndicho ambulensi ya mama mjamzito katika vijiji vya Kitui, lori la majani chai kule Nyamira na basi la wanafunzi kwenye miteremko ya Elgeyo Marakwet. Huko, kituo cha betri kikiwa umbali wa kilomita 40, nusu ya nguvu huishia njiani kwenda kutafuta nyingine.

Halafu kuna umeme wenyewe. Mnamo Agosti 25, 2023, wiki moja tu kabla ya uzinduzi wa Mombasa, sehemu kubwa ya nchi ilitumbukia gizani kwa saa nyingi, uwanja wa ndege wa kimataifa wa Jomo Kenyatta ukiwemo. Giza jingine lilifuata Desemba mwaka huo. Vituo vyenye betri nyingi za akiba vinaweza kuvumilia kwa muda, lakini mhudumu anayelipa mkopo wa kila siku hana siku ya akiba.

Tajriba ya mataifa mengine inaonyesha kwamba teknolojia bora haishindi yenyewe.

Nchini China, baiskeli na pikipiki ndogo za umeme zimetapakaa kwa mamia ya mamilioni. Msukumo haukutokana na bei pekee. Kuanzia miaka ya 1990 na 2000, miji mikubwa ilizuia au kupunguza usajili wa pikipiki za petroli, na mnamo 2007 jiji la Guangzhou lilizipiga marufuku. Raia aliyetaka chombo cha magurudumu mawili hakuwa na njia nyingine.

Taiwan ilijaribu njia ya hiari. Kisiwa hicho chenye watu takriban milioni 23 kina pikipiki ndogo zipatazo milioni 14. Mnamo 2015, kampuni ya Gogoro ilianza kuuza pikipiki za umeme zenye betri za kubadilishwa, na vituo vyake vikaenea mijini kiasi cha kuvutia macho ya dunia nzima. Serikali ilitoa ruzuku, na kufikia 2019 karibu pikipiki moja kati ya kila tano mpya ilikuwa ya umeme.

Kisha mambo yakageuka. Ruzuku ilipunguzwa, watengenezaji wa pikipiki za petroli wakaleta injini zisizochafua hewa sana, na mpango wa kukomesha uuzaji wa pikipiki mpya za petroli kufikia 2035 ukaachwa baada ya upinzani. Mnamo 2020, mgao wa zile za umeme ulishuka hadi karibu moja kati ya kumi.

Somo la Taiwan ni chungu: hata penye vituo tele, umeme wa kutegemewa na wanunuzi wenye uwezo, petroli haikuondoka. Ruzuku ilipolegea, wanunuzi walirudi kwa walichokijua.

Rwanda imechagua njia ya katikati. Tangu Januari 2025, pikipiki mpya za petroli hazisajiliwi kubeba abiria jijini Kigali. Wenye pikipiki za zamani hawakupokonywa. Ni wageni kwenye kazi hiyo wanaolazimika kuanza na umeme. Hata hivyo, Kigali ni jiji dogo ambalo wahudumu wake wamezoea udhibiti mkali. Kuhamishia agizo kama hilo Kenya, ambako sekta ya bodaboda ni jeshi la wapiga kura, ni jambo ambalo wanasiasa wachache wangethubutu kulitamka hadharani.

Kenya yenyewe imekuwa ikivuta huku na kuachia kule. Sheria ya Fedha ya 2023 iliziondolea pikipiki za umeme mzigo wa Ushuru wa Ziada ya Thamani (VAT). Mwaka mmoja baadaye, Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza kuiondoa afueni hiyo. Mswada uliangushwa na maandamano ya vijana mwezi Juni, lakini wawekezaji na wahudumu walikuwa tayari wameona jinsi msimamo wa serikali unavyoweza kugeuka.

Sababu ya kigeugeu hicho haijajificha. Kila lita ya petroli huchangia ushuru wa kukarabati barabara, uliopandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25 mnamo Julai 2024, mbali na VAT na tozo nyingine. Pikipiki ya umeme hupita kwenye barabara hiyo hiyo bila kulipa senti ya ushuru huo. Ikiwa chache, Hazina ya Kitaifa haitajali. Zikifika laki kadhaa, itabidi pengo lizibwe, na anayeelekea kuliziba ni mhudumu yule yule aliyeahidiwa nafuu.

Pamoja na hayo yote, kosa lingekuwa kudhani kwamba wahudumu wa bodaboda ni watu wasiobadilika. Biashara hii ilianza Busia kwa baiskeli zilizovusha watu mpakani. Mnamo 2008 serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo, na mikopo ikapatikana, baiskeli zilitoweka kwenye steji nyingi katika muda wa miaka michache. Hakuna aliyelazimishwa. Pikipiki ilimfaa mhudumu waziwazi, na aliyeinunua aliimiliki kikamilifu.

Hapo ndipo kipimo kilipo. Pikipiki za umeme zinaweza kushika kasi mijini, hasa kwa wanaosafirisha vifurushi na abiria katika eneo moja, ambako vituo viko karibu na kilomita za kila siku ni nyingi. Kwa mashambani, petroli itaendelea kutawala hadi vituo viwafikie wanavijiji au mhudumu aweze kuchaji nyumbani kwake.

Serikali inaweza kuharakisha safari hiyo bila kumpiga marufuku yeyote. Inaweza kuzitaka kampuni zikubaliane kuhusu kipimo kimoja cha betri, ili kituo cha yeyote kimfae kila mhudumu. Inaweza kuweka sheria kuhusu ada na ufungaji wa betri kutoka mbali, kama ilivyoweka sheria kuhusu bei ya mafuta. Na inaweza kutangaza mapema, kwa kipindi cha miaka kadhaa, ushuru utakaotozwa, badala ya kuubadilisha kila Juni.

Mafundi wa jua kali nao wasisahaulike. Pikipiki ya petroli ilishinda kwa sababu iliweza kutengenezwa chini ya mti, kwa vipuri vya Barabara ya Kirinyaga. Chombo kinachotengenezwa na kampuni moja pekee hakitawahi kuaminiwa Turkana au Kwale.

Kipya kinyemi, lakini mhudumu wa bodaboda hawezi kuishi kwa upya pekee. Atauacha mbachao wake siku atakapohakikishiwa kwamba msala mpya hautakunjwa na mwenyewe akiwa bado ameukalia.