Tusiliinue Gari la Shule

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme maneno machache juu ya gari la shule. Najua wengi watauliza kijana wa miaka 19 ana nini cha kuwaambia wakubwa, kwa hiyo naomba radhi mapema. Wakubwa zetu waliosoma hapa zamani wamechanga fedha ili pikapu yetu iinuliwe upande wa mbele, ipate kupita njia ya Nakivale wakati wa mvua. Nia yao ni njema, na sisi tunaotoka Nakivale twawashukuru, maana ndio tunaochukuliwa na gari hilo kila muhula unapofunguliwa. Lakini kazi yenyewe naona haifai.

Asiyeijua Nakivale na ajue kwamba ni makazi ya wakimbizi katika wilaya ya Isingiro, yaliyofunguliwa mwaka 1958. Twaishi humo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine. Ukitaka hospitali kubwa, au soko kubwa, au shule kama hii yetu, safari ni ya Mbarara. Lami ikiisha unabaki na udongo. Kiangazi ni vumbi. Masika maji hukata mifereji barabarani, tena huikata kwa mshazari. Huo mshazari ndio wenye maneno. Gari likiingia, gurudumu la mbele la kushoto hutumbukia shimoni wakati la kulia liko juu ya tuta, kisha mambo hugeuka. Hapo ndipo gari zuri hujulikana.

Gurudumu likikuta jiwe hupanda, likikuta shimo hushuka. Nafasi yote, tangu mwisho wa kupanda mpaka mwisho wa kushuka, mimi nitaiita mwendo wa gurudumu. Watu wengi hufikiri kazi ya springi ni kupanda tu, ili mgongo wa abiria usiumie. Walakini kushuka nako ni kazi, tena kubwa. Gurudumu lisiloweza kushuka shimoni hubaki likining'inia hewani, na lililo hewani halivuti, halifungi breki, wala halisikii usukani.

Pikapu yetu ni Hilux ya zamani kidogo, ambayo mbele haina springi za majani wala za kuviringa. Kila gurudumu la mbele limeshikwa na mikono miwili ya chuma, mmoja juu na mmoja chini, na uzito wa gari umebebwa na nondo mbili ndefu zilizolala chini ya sakafu. Gurudumu likipanda, nondo husokoteka, likishuka, hujinyosha. Mwishoni mwa kila nondo ipo bolti. Fundi akiikaza kwa spana, pua ya gari huinuka. Ni kazi ya nusu saa! Ndiyo maana yapendwa sana, na vijana mjini huona fahari kupita na pikapu iliyoinua pua kama mbwa anayenusa.

Sasa hesabu. Jumamosi iliyopita, kwa ruhusa ya mwalimu, wenzangu wawili nami tulilipima gari la shule. Gurudumu la mbele lina sentimita 8 za kupanda na 10 za kushuka, jumla 18. Tuseme bolti zimekazwa, gari likainuka sentimita 5. Je, mwendo umekuwa 23? Hapana. Mikono ni ileile, na vizuizi vya raba viko palepale. Utakuwa na 18 zilezile, 13 za kupanda na 5 tu za kushuka. Umetoa shilingi mfuko wa kushoto ukaitia wa kulia. Tena mikono inakaa kwa pembe kali wakati wote, na boljointi, yaani vile viungo vya mviringo vilivyoshika gurudumu, huvutwa kupita kiasi.

Haya sikuyapata kitabuni. Likizo iliyopita nilikuwa nikimsaidia mjomba wangu kazi ya ufundi huko Nakivale. Akaja mfanyabiashara mmoja na pikapu yake, akataka iinuliwe. Mjomba akasita, akamwambia, "Tajiri, itapanda lakini haitashuka." Yule akacheka, akasema amekuja kununua urefu, hakuja kununua maneno. Basi mjomba akanipa spana. Nikakaza mimi, kwa mkono wangu huu, nami nikafurahi kuona pua inavyopanda.

Siku kumi baadaye nilipanda gari lilelile kuja Mbarara, juu ya magunia ya mahindi, pamoja na mama mmoja aliyebeba mtoto mwenye homa kali. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Katika mfereji wa pili gurudumu la kushoto lilibaki hewani kama mguu wa jogoo, gari likainama, kisha likadondoka kwa kishindo. Boljointi ya chini ikachomoka na gurudumu likalala ubavu. Tulikaa pale tangu saa tisa mchana mpaka alfajiri, lilipopita lori la mkaa. Yule mama hakuniuliza neno. Kama angeuliza ni nani aliyelikaza gari lile, sijui ningemjibu nini. Mtoto alifika hospitali asubuhi, na kwa bahati akapona.

Labda mtaniuliza, je, haiwezekani kuongeza mwendo wa kweli? Yawezekana. Wale wanaoshindana jangwani huko Baja California, katika mashindano yaliyoanza mwaka 1967, huondoa mikono ya kiwandani wakaweka mirefu zaidi. Lakini mkono ukirefuka, fimbo inayopeleka nguvu gurudumuni nayo lazima irefuke, na shokomzoba, na mipira ya breki. Ukisahau mpira wa breki tu, huo ndio utakaozuia gurudumu lisishuke, mpaka siku utakapokatika. Ni kazi moja nzima, na gharama yake yaweza kununua gari jingine.

Njia nyingine ni ekseli moja nzima mbele, kama ya Land Cruiser zile za kazi. Mwaka 1999 Toyota walipoziondolea springi za majani mbele wakatia za kuviringa, ekseli yenyewe waliiacha. Range Rover ya mwaka 1970 ilikuwa imefuata njia hiyo mapema, springi laini na ekseli nzima, na magurudumu yake yalikuwa na mwendo mrefu ajabu. Lakini kuigeuza Hilux yetu iwe hivyo ni kuikata na kuiunga upya. Nani atakubali wanafunzi wapande kazi ya namna hiyo?

Tena urefu peke yake haukumshindia mtu. Katika Safari ya Afrika Mashariki ya mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu ndiyo yaliyofika. Lililoshinda lilikuwa Peugeot 404 la Nick Nowicki na Paddy Cliff, gari la kubebea watoto kwenda kanisani, ila springi zake laini zilijua kupanda na kushuka.

Siwezi kukataa kwamba gari likiinuliwa tumbo lake halitagonga sana. Lakini hilo hutokea zaidi kwa sababu twapanda watu 14 na magodoro juu. Tukiwa 8 litakuwa jambo jingine kabisa, nami niko tayari kungoja safari ya pili. Fedha zilizochangwa zinunue shokomzoba mpya nne, maana mbili za mbele zimelowa mafuta na hazitulizi tena kitu. Zinunue boljointi na bushi za mikono, na vizuizi vya raba, kwani cha kulia kimekwisha. Bolti za nondo ziachwe zilivyo.

Gari litakwenda kwa fundi mjini wiki ya kwanza ya likizo. Karatasi ya vipimo imebandikwa mlangoni mwa karakana ya shule. Mkubwa yeyote anayeona nimekosea na aje na futi yake kabla ya siku hiyo. Jeki ipo, na taa nitamshikia mimi.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa Mwaka wa Sita