Faida Hailipi Kodi Kama Haijafika

Wasee, biashara inaweza kuwa na faida na bado ifungwe. Chukua msee wa mitumba Gikomba. Kufikia tarehe 4 ameuza nguo za 30,000, lakini 20,000 ni za wale wa "nitakutumia mwisho wa mwezi". Mkononi ana 10,000 tu. Kodi ya kibanda ni 12,000, tarehe 5. Hapo ndipo Fuliza inaingia, na ada zake za kila siku.

Dawa ni daftari. Andika wiki nne zijazo: pesa gani itaingia, gani itatoka, na tarehe gani. Ukiona pengo mapema, unaitisha deposit ama unaongea na mwenye kibanda kabla hajakuja na kufuli. Hii haihitaji digrii, niamini. Deni la mteja si pesa mpaka simu ilie.