Sanamu ni ya Balto, lakini mbwa ni wa Wachukchi

Katika bustani ya Central Park, mjini New York, kuna sanamu ya mbwa aitwaye Balto. Iliwekwa Desemba 1925, miezi kumi baada ya mbwa wa Alaska kupokezana dawa ya difteria kwa zaidi ya kilomita 1.000 za theluji, hadi mji wa Nome ambako watoto walikuwa wanakufa. Balto aliongoza kundi la mwisho. Togo, aliyeongoza sehemu ndefu kuliko zote, alisahaulika miaka mingi.

Lakini kuna waliosahaulika zaidi: Wachukchi, wenyeji wa mashariki ya mbali kabisa ya Siberia. Ndio waliomfuga husky vizazi na vizazi hadi akawa alivyo: mbwa mwepesi, dume kilo 20 hadi 27, manyoya ya tabaka mbili, anayevuta mzigo mdogo safari ndefu kwa chakula kidogo. Akilala, anafunika pua kwa mkia.

Walipoletwa Nome karibu 1908, watu waliwacheka, wakawaita panya. Mwaka 1910 wakashinda mashindano makubwa ya pale. Kicheko kikaisha.

Mwaka 1930 chama cha mbwa cha Marekani kikawaandikisha kwa jina la Siberia. Wachukchi hawakutajwa. Leo wengi wananunua husky juu ya macho yake ya buluu, wanamfungia ndani, kisha wanalalamika anatoroka. Wafugaji wake wa kwanza wangetajwa, mnunuzi angejua mapema kwamba analeta nyumbani mbwa wa kukimbia.